Picha za Makaburi Mitandaoni: Mipaka ya Anayetafuta Nasaba Yake

Swali: Babu yetu alitoka Unguja kwenda bara kutafuta riziki, akaishi Mlandege, Iringa, na akafariki na kuzikwa huko huko. Wajukuu wake sasa wako Unguja, Pemba, Maskati na Uingereza. Mmoja wao anaandika silsila ya ukoo, na amemwomba ndugu aliyeko Iringa apige picha ya jiwe la kaburi ili aiweke kwenye mtandao wa makaburi ambao kila mtu duniani anaweza kuusoma. Baadhi ya wanafamilia hawataki. Sheria inasemaje?

Jawabu:

Sifa njema zote anazistahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Kabla ya yote, Mlandege inayotajwa hapa ni kata ya Manispaa ya Iringa, si Mlandege ya mjini Unguja ambayo wengi wetu tunaijua kwa maduka yake na timu yake ya mpira. Tunalitaja hili kwa sababu ndiyo aina ya makosa yanayojaa katika silsila zinazoandikwa haraka: jina moja la mtaa, miji miwili, na marehemu anaandikwa kuwa amezikwa Unguja ilhali yuko kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, ndani kabisa ya bara.

Kwa ufupi, kupiga picha ya jiwe la kaburi kwa haja ya kulitambua na kuunga udugu kunajuzu, na kumtumia jamaa picha hiyo ni jambo jema. Kuitangaza kwa kila mtu ni kitendo kingine chenye hukumu yake. Ikiwa marehemu ni wa zamani na hakuna aliye hai anayeguswa, hapana ubaya. Ikiwa mjane, watoto au ndugu zake wapo na hawakuridhia, picha isiwekwe. Na ikijulikana au kudhaniwa kwa nguvu kuwa itamletea mtu madhara, haijuzu kuiweka hata kama wengine wote wameridhia.

Kwa nini nasaba itafutwe

Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Sunan ya Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wajifunze nasaba zao kwa kiasi kitakachowawezesha kuunga udugu. Tazama amri hiyo imefungamana na nini. Haikuachwa wazi, imewekewa kusudio, na kusudio hilo ndilo kipimo chetu katika mas-ala yote haya. Taarifa inayomfikisha mtu kwa shangazi yake wa Iringa asiyemjua imo ndani ya amri. Ile inayomfikisha mgeni wa nchi ya mbali kwenye jina la mama wa marehemu haimo.

Wala mtu asione kuwa hili ni pumbao la walioko Ulaya. Mzee aliyehamia bara mara nyingi alioa tena huko. Watoto wa huku na wa kule ni ndugu wa baba mmoja, na wanarithiana kutoka kwake. Mjukuu wa Unguja anaweza kukutana chuoni Iringa au Mbeya na binti ambaye kwa haki ni shangazi yake wa nusu, na nusu hiyo inatosha kuharamisha ndoa. Anayetafuta nasaba kwa niya hiyo analinda dini ya watu wake. Ama anayeitafuta ili ajifakharishe kwa asili yake, au ili amthibitishie jirani kuwa asili yake ni duni, huyo ametoka nje ya mafundisho ya Suratul-Hujurat, aya ya 13, ambamo Allah anaeleza kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Visiwani kwetu tunajua vizuri maneno ya asili ya watu yamewahi kufanya nini.

Jiwe lenyewe na maandishi yake

Imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza makaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Katika mapokezi ya Tirmidhi na wengineo imeongezwa kukatazwa kuyaandika. Pamoja na hayo, Abu Dawud amepokea kuwa Uthman bin Madh'un (R.A.) alipozikwa, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba jiwe akaliweka kichwani mwa kaburi, akaeleza kuwa ni ili alitambue kaburi la ndugu yake na amzike karibu yake atakayekufa katika watu wake. Kwa hiyo alama ina asili katika Sunna, na asili yake ni kuwajulisha jamaa.

Imam Nawawi na wanazuoni wa madh-hab ya Shafi wamelihesabu andiko juu ya kaburi kuwa ni makruhu. Baadhi ya waliokuja baadaye wakaruhusu jina pekee pale ambapo kaburi halitambulikani bila ya hilo. Kwa ndugu zetu Maibadhi, na Oman kwa jumla, makaburi mengi ni mawe matupu. Ndiyo maana familia nyingi za visiwani zikienda makaburini kutafuta babu wa tatu hazikuti kitu cha kusoma. Kinachowaongoza ni mzee anayenyoosha kidole na kusema yule pale, chini ya mwembe.

Pwani ya zamani haikuwa hivyo kila mahali. Kule Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, sawa na 1399 Miladia, na wanahistoria walilitegemea sana katika kuupangia mji ule tarehe zake. Orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani ya Afrika Mashariki ilichapishwa na Freeman-Grenville na Martin mwaka 1973, na sehemu kubwa ya yaliyomo ni ya makaburi. Hakuna mjane wala yatima anayeumizwa na picha ya kaburi la karne ya kumi na nne. Tena mawe yanaliwa na chumvi na mvua, na picha inaweza kuwa ndiyo nakala pekee itakayobaki.

Bara hali ni nyingine. Huko Waislamu wanaishi pamoja na watu wa dini nyingine, na makaburi ya saruji au marumaru yenye jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa ni jambo la kawaida. Mengine yana hata picha ya marehemu iliyobandikwa. Hatuyasifu, lakini yapo, na jamaa wa visiwani wanaoomba picha wanaomba hayo.

Ama kupiga picha kwenyewe, hata wanazuoni wanaokataza picha za viumbe vyenye roho hawasemi hivyo kuhusu jiwe. Utata unakuja pale picha inapochukua sura ya marehemu iliyobandikwa, au wanawake waliokuja kuzuru, au watu walio katika majonzi. Hao waondolewe.

Jiwe linasema nini zaidi ya jina

Anayetetea kuweka picha hadharani husema: kaburi liko wazi, kila apitaye analisoma, basi nimefichua nini? Hoja hii inasikika nzuri lakini haisimami. Anayepita makaburini Iringa ni mtu mmoja aliyefika kwa miguu yake, na akiwa Muislamu anatoa salamu na kuwaombea waliomo, kisha anakwenda zake. Picha iliyo mtandaoni inasomwa na mtu asiyejulikana, saa yoyote, pamoja na picha nyingine mia za ukoo ule ule, na mashine inayapanga majina hayo kwa mstari. Aliyeona nyumba ya mtu kwa nje hakufanya alichofanya yule aliyechora ramani ya vyumba vyote akaigawa sokoni.

Jina la mama na tarehe za kuzaliwa ni miongoni mwa mambo ambayo benki na makampuni ya simu huuliza ili kumtambua mteja. Tapeli anayempigia simu mzee wa Wete akataja jina la marehemu kaka yake, mwaka aliofariki na mtaa alioishi, tayari ameshinda nusu ya vita. Katika mirathi, ambako kiwanja au nyumba imekaa miaka bila kugawiwa, mtu aliyejikusanyia silsila yote anaweza kujitokeza na kudai kuwa ni mtoto wa mke wa bara.

Kisha kuna mambo ambayo familia imeyasitiri. Jiwe linaweza kuonesha kuwa marehemu alizikwa kwa jina jingine, au mtoto ameitwa kwa ukoo wa mama, au tarehe ya ndoa na ya kuzaliwa haziafikiani. Wapo waliobadilisha majina baada ya 1964 na hawakutaka kuulizwa. Wapo waliosilimu, na wapo ambao ndugu zao hawakusilimu. Mtume (S.A.W.) amebashiri kuwa anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera, na hadithi iko katika Sahih Muslim. Ametukataza pia kuwatukana waliokufa, kwa kuwa wamekwishafikia waliyoyatanguliza, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa bibi Aisha (R.A.). Wanazuoni wamempa muosha maiti hukumu ya wazi: akiona dalili ya kheri aweza kuisema, akiona kinyume chake akae kimya. Mwenye kamera makaburini anafanana naye sana.

Na kuna dhara moja la nchi yetu ambalo halina mzaha. Makaburi ya watu wenye ualbino yamefukuliwa Tanzania na viungo kuibwa kwa ajili ya ushirikina, hata baadhi ya familia zikalazimika kuyamiminia zege. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, wamepokea Abu Dawud na Ibn Majah. Picha ya kaburi la mtu mwenye ualbino, hasa iliyobeba alama ya mahali, haijuzu kuitangaza kwa hali yoyote, na hata ndani ya familia ipewe wachache. Simu nyingi, kama hazikuzuiwa, huandika ndani ya picha vipimo vya mahali ilipopigwa, na mwenye simu hajui.

Mitandao ya makaburi inafanyaje kazi

Mkubwa zaidi ni Find a Grave, ulioanzishwa Marekani mwaka 1995 na Jim Tipton na kununuliwa na kampuni ya Ancestry mwaka 2013. Kurasa zake hutengenezwa na watu wa kujitolea. Mtu asiye na uhusiano wowote na marehemu anaweza kumfungulia ukurasa na akawa ndiye msimamizi wake. Jamaa wa karibu anaweza kuomba akabidhiwe usimamizi, lakini picha inabaki kuwa mali ya aliyeipiga, na kwa kawaida ukurasa hauondolewi kwa kuwa tu familia haiutaki. BillionGraves, ulioanza 2011, umejengwa juu ya kupiga picha kwa simu pamoja na vipimo vya mahali. Yaani lile tulilolitahadharisha hapo juu ndilo linalotakiwa huko.

FamilySearch ni wa bure na una nyaraka nyingi zenye manufaa. Ni vyema Muislamu ajue kuwa unamilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, watu wanaojulikana kama Wamormoni, ambao wana ibada ya kubatiza kwa niaba ya waliokufa. Kanisa hilo huwataka waumini wake wapeleke majina ya wazee wao wenyewe, lakini kanuni hiyo imewahi kuvunjwa; mwaka 1995 lilifikia makubaliano na jumuiya za Kiyahudi baada ya kugundulika majina ya Mayahudi waliouawa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kiitikadi, ibada ya mtu mwingine haimdhuru maiti wa Kiislamu hata chembe, kwani kila nafsi inachuma yake. Hata hivyo ni haki ya watoto wa marehemu kulijua hili kabla ya kukubali jina la baba yao lipelekwe huko, na anayepeleka bila kuwaambia amewahini.

Wapo ambao wangefurahi kupata hata hilo jina moja. Tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti ya 2021 kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi na askari Waislamu walikuwemo katika vita hivyo vilivyopita katika nyanda hizo hizo za Iringa. Mjukuu wa mpagazi anayetangaza jina la babu yake hadharani hana wa kumkataza isipokuwa ndugu zake mwenyewe, na sioni kwa nini wamkatalie.

Vivyo hivyo watu wa historia. Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyekufa 1898. Fuvu lilitajwa katika Mkataba wa Versailles na likarejeshwa 1954. Habari zake ni za umma zamani sana. Muuza duka wa Mlandege hakuwa Mkwawa, na watoto wake hawakukubali awe.

Sheria ya nchi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria za namna hii zimetungwa hasa kwa ajili ya walio hai. Ile ya Umoja wa Ulaya inasema waziwazi kuwa haiwahusu waliokufa. Kwa hiyo marehemu mwenyewe huenda asipate mtetezi huko. Lakini jiwe au maelezo yanayotaja mjane na watoto walio hai yana taarifa za watu hai, na wao wana haki ya kulalamika. Pale sheria ya nchi inapokaa kimya, Muislamu bado anafungwa na amana na kanuni ya kutodhuru.

Namna ya kufanya

Ndugu aliyeko Iringa aanze kwa kuwauliza watu wa karibu zaidi wa marehemu: mke, watoto, kisha ndugu wa kuzaliwa. Watoto wa bara wana haki sawa na wa visiwani, wala asipuuzwe mama aliyebaki huko kwa kuwa hajulikani Unguja. Mmoja katika hao wa karibu akikataa kutangaza, asishindwe kwa kura. Kumsitiri baba si jambo linaloamuliwa kwa wingi wa mikono kwenye kundi la WhatsApp. Ikiwa mjane yumo edani, aachwe mpaka amalize.

Kisha aione kamati ya msikiti inayoangalia makaburi, au mwenyekiti wa mtaa kama ni makaburi ya wote, awaeleze anachokuja kufanya. Azime uwekaji wa mahali kwenye kamera. Apige jiwe moja tu. Majina ya majirani yasiingie. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, vipimo vya mahali huondolewa. Ikitumwa kama dokumenti hubaki. Bora zaidi, aandike maelezo kwa mkono: safu ya ngapi kutoka lango, karibu na nini. Maelezo hayo yakihifadhiwa na watu wawili watatu wa ukoo yatawafaa kuliko mtandao wa kampuni ambayo kesho inaweza kuuzwa.

Kamati za misikiti zingeweza kuisaidia sana jamii kwa kuwa na daftari la makaburi: kila kaburi na namba ndogo kwenye jiwe, na jina kwenye daftari linalokaa msikitini, afunguliwe jamaa anayekuja na haja. Kwa hilo kaburi linabaki sahali kama Sunna inavyotaka, na jina halipotei.

Ikiwa picha imeshawekwa, aandikiwe aliyeiweka kwa lugha nzuri, aelezwe uhusiano na sababu. Wengi wa watu hawa hawana nia mbaya na hutoa. Asipotoa, jamaa wa karibu aombe usimamizi wa ukurasa, afute majina ya walio hai na maelezo ya ziada. Aliyeweka akiwa ni ndugu, ni wajibu wake kuondoa pindi tu mwenye haki anapomtaka, wala asingoje kulazimishwa.

Limebaki jambo la mirathi, kwa sababu wengi wanaoomba picha wanaikusudia hiyo. Tarehe iliyo kwenye jiwe haitoshi kuthibitisha nani alitangulia kufa. Mafundi wa mawe hukosea, na mawe mengine huwekwa miaka kadhaa baada ya maziko. Kwa aliyefia Iringa, cheti cha kifo kinatafutwa kupitia RITA, na kwa aliyefia visiwani kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Vyeti hivyo, pamoja na mashahidi waadilifu waliomjua marehemu na ndoa zake, ndivyo vya kupelekwa kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Picha ya jiwe iambatanishwe kama dalili ya kusaidia, na kwa kazi hiyo haina haja ya kupita mtandaoni.

Wallaahu a'lam.